Mtoto Yu Wapi?

(Somo: Luka 2:41–51)



Somo letu la mwezi huu twalijua tangu utoto, maana tulifundishwa katika shule ya Jumapili. Twajua jinsi Bwana wetu alivyokwenda Yerusalemu pamoja na wazazi wake alipokuwa na umri wa miaka 12, na jinsi alivyoonekana hekaluni kati ya waalimu. Tukilihubiri somo hili, desturi yetu ni kufanya haraka kufika hekaluni, kwa kuwa huko ndiko liliko jibu la Bwana kwa mama yake. Mara hii twawaomba tusifike upesi. Na tukae kidogo njiani, katika siku ile moja ambayo Yusufu na Mariamu walikuwa wakirudi Nazareti bila mtoto, nao hawana habari.

Angalieni watu hawa ni watu gani. Si wazazi wabaya. Luka atuambia kwamba walikwenda sikukuu ya Pasaka kila mwaka, na kutoka Nazareti hata Yerusalemu ni zaidi ya kilometa 100, njia ya milima na mabonde. Watu wavivu wa dini hawaendi safari ya namna hiyo mwaka kwa mwaka. Wala mtoto hakuibwa na wanyang'anyi, wala hakuliwa na mnyama wa mwitu, wala hakutoroka kwa ukaidi. Lililotokea ni dogo sana: walidhani. Labda mama alidhani yuko pamoja na wanaume, na baba alidhani yuko pamoja na wanawake; hilo Luka hakuliandika, ila sisi tuliojaliwa watoto twaweza kulifahamu. Msafara ulikuwa mkubwa, jamaa na marafiki walikuwamo, mazungumzo yalikuwa mengi, na kila aliyewaona watoto wa wenziwe wakipita mbio aliutuliza moyo wake. Jioni, watu walipotua mizigo na kila jamaa kuhesabu watu wake, ndipo pengo lilipoonekana.

Basi mtu aweza kuwa mcha Mungu, naye yumo katika njia moja na jamaa zake, asijue mtoto wake yu wapi. Neno hili limetuchoma sisi wenyewe mwaka huu, na kwa sababu hiyo twaliandika.

Mwezi wa Januari tulimpeleka kijana wetu wa pili shule ya bweni huko Morogoro, aanze kidato cha kwanza. Umri wake ni miaka 13. Kijana huyu ana kigugumizi tangu alipojifunza kusema. Akitulia husema vizuri. Lakini akiharakishwa, au akitazamwa na watu wengi, neno la kwanza humkwama kinywani, naye huinamisha kichwa mpaka lipite. Nyumbani tumekwisha kumzoea, wala hatulioni tena kuwa jambo.

Tulipanda basi Iringa alfajiri. Kutoka Iringa hata Morogoro ni kama kilometa 300, yaani saa tano au sita za kuketi bega kwa bega, baba na mwanawe, wala hakuna kazi nyingine ya kufanya. Tukizihesabu siku zote za mwaka uliotangulia, hatuoni siku hata moja tuliyopata saa nyingi namna hiyo pamoja naye.

Walakini mbele yetu, juu ya kichwa cha dereva, palikuwa na televisheni. Ndugu zetu wasafirio wazijua televisheni za mabasi. Ilianza kwa nyimbo kabla hatujaondoka kituoni. Kisha ikaja filamu ya mapigano, ya nchi ya kigeni, na mtu mmoja akiifasiri kwa Kiswahili kwa sauti kubwa juu ya sauti za wenyewe. Nasi tuliitazama. Hatutaki kusema kwamba tulilazimishwa. Macho ni yetu na shingo ni yetu. Tulikuwa tumechoka kwa kazi za Krismasi na Mwaka Mpya, tukajiambia kwamba mtu aliyechoka hana kosa akiipumzisha akili yake.

Tulipokuwa tukishuka mlima wa Kitonga, kijana alisema, "Baba, shu... shule..." Tukamwambia, "Ngoja kidogo, mwanangu." Tulipofika Ruaha Mbuyuni, na wauza vitunguu wakikimbia kando ya basi, akaanza tena. Mara hii tuliinua mkono tu, kumwonyesha kwamba tumesikia, maana filamu ilikuwa imekaribia mwisho wake. Hakuanza mara ya tatu. Katika hifadhi ya Mikumi, ambamo barabara kuu hupita kama kilometa 50 kati ya wanyama, watu wa upande wa pili walipiga kelele kwamba kuna tembo. Tulipogeuza shingo, tembo walikuwa nyuma yetu. Kijana alikuwa amewaona mbele ya watu wote, lakini hakutugusa bega. Hayo tumeyafikiri baadaye. Wakati ule hatukufikiri neno.

Shuleni tulikabidhi sanduku lake na godoro, tukatia sahihi kitabu cha wageni, tukaomba pamoja naye kwa ufupi chini ya mti, tukarudi kituoni mbio, kwa sababu kesho yake palikuwa na mkutano wa wachungaji.

Alipokuja likizo fupi, karibu na Pasaka, hakutuambia sisi. Alimwambia mama yake jikoni, walipokuwa wakichagua maharage. Siku ya kwanza darasani kila mwanafunzi aliamriwa kusimama, ataje jina lake na mahali atokako. Jina likamkwama. Darasa likacheka, na tangu siku ile wakamtungia jina la kumwiga. Kwa hiyo mwalimu alipoita majina asubuhi, yeye alinyamaza, naye kwa majuma kadhaa akaandikwa katika daftari kuwa hayupo, hali ameketi pale pale. Mama yake akamwuliza, "Mbona hukumwambia baba yako mapema, apate kusema na mwalimu?" Akajibu kwamba alitaka kutuambia ndani ya basi, ila tulikuwa tukitazama.

Filamu ile ilikuwa ya habari gani? Hatukumbuki hata jina lake.

Ndugu, msidhani kwamba twaandika haya ili kuitukana televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994, nasi tulikuwa wavulana wakati ule. Ilipofika kwetu, miaka kadhaa baadaye, ilikuwa katika nyumba moja tu, nyumba ya mfanyabiashara, nasi tulijazana dirishani mpaka mwenye nyumba akafunga pazia. Tulichapwa si mara moja kwa ajili ya ndoo za maji zilizoachwa kisimani. Kwa njia ya sanduku lile tuliona bahari kabla hatujafika pwani. Hata leo wako wazee wetu wasioweza kutembea ambao husikia mahubiri kwa njia hiyo, na mkulima hupata habari za mvua. Chombo ni chombo. Jembe nalo laweza kukata mguu.

Tunalotaka kulinena ni jingine. Ingieni sebuleni kwetu, au sebuleni kwenu, mkatazame jinsi viti vilivyopangwa. Babu yetu alikuwa na vigoda vilivyozunguka moto, na kila aliyeketi pale alimwona mwenziwe usoni. Mtoto akinuna, watu wazima walijua. Sasa viti vyote vyatazama ukuta mmoja. Tumeketi pamoja, twacheka pamoja, baba yupo, mama yupo, watoto wapo, na mgeni apitaye dirishani angesema, "Hiyo ni jamaa yenye umoja." Lakini hakuna amwonaye mwenziwe uso. Kila mmoja adhani mwenziwe yumo katika msafara.

(Waalimu na wazee wa kanisa watakubaliana nasi juu ya neno moja. Tukienda kuwatembelea Wakristo nyumbani na kusema, "Na tuombe," mwenye nyumba kwa heshima hupunguza sauti ya televisheni, lakini picha zaendelea. Tukifumba macho, watoto hawafumbi. Twasikitika kukiri kwamba siku moja tulifumbua jicho sisi pia.)

Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 6, Musa awaagiza baba wa Israeli juu ya kuwafundisha watoto maneno ya Mungu. Ajabu ni hii, kwamba haagizi wajenge shule, wala hawatajii siku maalum ya juma. Awatajia nyakati nne tu ambazo kila mtu anazo: aketipo nyumbani, aendapo njiani, alalapo na aondokapo. Tulilifundisha fungu hili mara nyingi kwa watoto wa Kipaimara, lakini hatukuliona kama tulivyoliona baada ya safari ile. Wakati wa kuketi nyumbani tumeutoa kwa televisheni ya sebuleni. Wakati wa kwenda njiani tumeutoa kwa televisheni ya basi, au kwa simu iliyo mkononi, ambayo ndiyo televisheni ndogo ya kila mtu. Wakati wa kulala na wa kuondoka, simu hiyo hiyo iko chini ya mto. Musa angekuja leo kututafutia wakati wa tano, angeupata wapi?

Sasa twasema na ndugu zetu wachungaji na waalimu, ambao kazi yao ni safari. Someni 1 Samweli, mwisho wa mlango wa 7. Nabii Samweli kila mwaka alizunguka Betheli na Gilgali na Mispa, akiwaamua Waisraeli, kisha alirudi Rama, maana nyumba yake ilikuwako huko. Safari nzuri, kazi nzuri, naye alirudi nyumbani. Kisha geuzeni macho kidogo tu, mwanzo wa mlango wa 8, mkasome habari za wanawe wawili, ambao hawakuenenda kama baba yao, bali walifuata fedha na kupotosha hukumu. Maandiko hayamlaumu Samweli kwa neno wazi, wala sisi hatuthubutu. Lakini habari hizo mbili zimekaa jirani, nasi twasafiri sana. Leo semina, kesho mkutano wa jimbo, keshokutwa mazishi katika mtaa wa mbali. Tukirudi twasema, "Tumechoka," twaketi, twashika rimoti. Na watoto, waliosikia sauti ya pikipiki yetu wakatoka mbio mlangoni, warudi ndani polepole. Miguu imefika nyumbani, bali sisi tungali safarini.

Hapo labda mmoja wenu atauliza, "Basi mtumishi wa Mungu asisafiri?" Hapana, hatusemi hivyo. Tuna mfano ulio karibu nasi sana.

Mwaka 1530 wakuu wa dola walikutana Augsburg kusikia maungamo ya wenzetu wa kwanza. Martin Luther hakuweza kwenda, kwa sababu alikuwa amehukumiwa na Kaisari. Basi aliwekwa katika ngome ya Coburg tangu mwezi wa Aprili hata mwezi wa Oktoba, mbali na nyumba yake. Nyumbani Wittenberg alikuwa amewaacha mkewe Katharina, na mtoto Hans wa miaka minne, na Magdalena, mtoto mchanga wa mwaka mmoja. Mwanzoni mwa Juni alipata habari ya kwamba baba yake mwenyewe amefariki. Kazi yake huko ilikuwa nyingi: alifasiri vitabu vya manabii, aliandika barua nyingi kwa wale waliokuwa Augsburg, na mambo ya Kanisa zima yalikuwa juu ya kichwa chake. Mtu wa namna hiyo angekuwa na udhuru.

Lakini katika mwezi ule ule wa Juni aliketi akamwandikia Hans barua. Haikuwa barua ya mambo ya Kanisa, wala ya kukaripia. Alimwandikia habari ya bustani nzuri, yenye matunda na farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu, ambamo watoto wasalio na kujifunza huingia kucheza. Akawataja hata rafiki zake Hans kwa majina yao ya kitoto, kwamba nao waweza kuja. Mwanatheolojia mkubwa aliyekuwa akishindana na Kaisari na Papa alijua mtoto wake acheza na nani. Ndugu msomaji, wewe wawajua wenzake mtoto wako? Sisi tulipojiuliza swali hilo juu ya kijana wetu, tulipata jina moja tu, nalo lilikuwa la mtoto aliyekwisha kuhama.

Tena Katharina alimpelekea mumewe picha ya Magdalena. Yule kijana aliyekaa naye Coburg aliandika kwamba mwanzo Luther hakumtambua mtoto, kwa jinsi picha ilivyokuwa nyeusi. Walakini akaitundika ukutani, mbele ya meza walipokula chakula, nayo ikampendeza kila siku zaidi. Basi, yeye pia alikuwa na picha ukutani wakati wa chakula! Lakini picha ile ilimleta karibu mtoto aliye mbali. Zile zetu huwapeleka mbali watoto walio karibu.

Na mtu huyo ndiye aliyekuwa ametoa Katekisimo Ndogo mwaka mmoja kabla, 1529. Sisi twaifundisha kanisani, na kwa hiyo twadhani ni kitabu cha mwalimu. Fungueni mtazame: juu ya sehemu zake ameandika kwamba ni mambo ambayo baba wa nyumba apaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia nyepesi. Hakumtaja mchungaji hapo.

Baada ya mama wa watoto wetu kutueleza yale ya jikoni, hatukulala usingizi mzuri. Usiku tulimwendea kijana, tukamwomba radhi. Si desturi kwetu baba kumwomba radhi mtoto, na baadhi yenu mtatucheka. Lakini tulikumbuka ya kwamba Yusufu na Mariamu walipotambua kosa lao hawakukaa kambini kubishana ni nani aliyepaswa kumtazama mtoto. Waligeuka. Kosa la siku moja likawapa kazi ya siku tatu.

Televisheni yetu hatukuitupa. Majirani huja kwetu kuangalia mpira, nasi hatutaki kuwafukuza. Ila tumeondoa viti viwili vikubwa ukutani, vikatazamana na vingine, na tangu chakula cha jioni mpaka baada ya sala huzimwa. Siku za kwanza tulikaa kama watu waliofiwa, hakuna ajuaye la kusema. Binti yetu mdogo akauliza kama umeme umekatika. Siku ya nne au ya tano mazungumzo yakaanza. Tumejifunza jambo moja ambalo hatukulijua kwa miaka 13: mtoto mwenye kigugumizi hawezi kushindana na sanduku lisilopumua. Huyo ahitaji kimya mbele ya neno lake, na ndani ya neno, na baada ya neno. Na labda hata watoto wasio na kigugumizi wanayo maneno ya namna hiyo, yasiyotoka mpaka nyumba inyamaze. Twaona aibu kwamba sisi, ambao kazi yetu ni kusikiliza maungamo ya watu, tulijifunza hayo kwa kuchelewa namna hii.

Likizo ilipokwisha tulirudi naye Morogoro. Mkutano mwingine ulikuwapo, tulituma udhuru. Ndani ya basi televisheni ilikuwa ile ile, na nadhani hata nyimbo zilikuwa zile zile. Tulimwomba kondakta apunguze sauti. Akatucheka, akaipunguza, na tulipopita Ilula akaipandisha tena. Basi tuligeuka upande, tukaketi tukimtazama kijana na kuipa televisheni kisogo. Maneno aliyotaka kutuambia mwezi wa Januari hayakutimiza saa moja. Kisha alinyamaza, akalala begani petu, na huko Mikumi sisi ndio tuliomwamsha. Mara hii hapakuwa na tembo, bali twiga watatu tu, na swala wengi.

Shuleni tuliomba kumwona mwalimu wa darasa. Alikuwa mama wa makamo. Tulimweleza habari yote, kijana amesimama karibu nasi. Mama yule akamgeukia, akamwuliza jina lake. Neno likakwama. Tukafunua kinywa tumjibie, kama tulivyofanya siku zote mbele ya wageni. Mwalimu akainua mkono wake kutunyamazisha. Akaendelea kumtazama kijana bila haraka, mpaka alipolimaliza jina lake, na la ukoo wake, na la kijiji chetu. Kisha akafungua daftari la majina, akachukua kalamu.